Shingo ni ya Nani

Mama mkwe wangu alivunjika shingo akitoka kutafuta kuni, kule juu Mau Narok, kwenye shamba la mzungu tulikofanya kazi ya ngano. Mvua ilikuwa imenyesha, njia yote tope. Aliteleza, mzigo ukamvuta kichwa nyuma kwa ule mkanda wa ngozi tunaoupitisha kwenye paji la uso. Alikuwa ameshazeeka, meno yamebaki machache. Tulimlaza kwenye lori la maziwa mpaka hospitali ya Nakuru, mimi nimembana kichwa kwa magoti yangu njia nzima.

Daktari alieleza kwa Kiingereza, dresa, yule msaidizi wa kufunga vidonda, akatufasiria. Kuna njia mbili. Ya kwanza, apelekwe Nairobi, apasuliwe, mifupa ifungwe kwa waya. Ya pili, alale chali bila kugeuza kichwa mpaka mfupa ushike, halafu avalishwe kola ya plasta. Kwa uzee wake, kisu kinaweza kumwua, moyo ushindwe na dawa ya usingizi. Kulala nako kunaweza kumwua, kwa vidonda vya mgongo na kifua kujaa. Hakutuficha kitu, kwa hilo namsifu. Ila aliongea na wanaume peke yao.

Shemeji yangu, mwana wa kwanza, alikuwa nyapara. Alizoea kuamua.

"Apasuliwe," akasema. "Mama ya mzungu wetu alipasuliwa nyonga. Hii ya kulala ni matibabu ya mtu mweusi."

Mume wangu akatazama viatu vyake. Hakuna aliyemwuliza mgonjwa. Yuko macho, anasikia kila neno, na wao wanaongea juu yake kama gunia linalongoja kupakiwa. Hasira ya siku ile bado ninayo.

"Nyinyi," akasema kutoka kitandani, "shingo ni ya nani?"

Hakungoja wamjibu.

"Nairobi siendi. Nitalala. Nikifa, nife nikiwa nimeulizwa."

Akawekewa mifuko ya mchanga, mmoja kila upande wa kichwa. Mimi nikabaki mjini kwa dada yangu, nikawa namlisha uji kidogo kidogo kwa kijiko, kichwa kisisogee.

Jumapili moja shemeji akaja na akina mama wa kanisa. Kwetu mgonjwa anayelishwa akiwa chali ameshahesabiwa miongoni mwa wafu. Ukimpenda, unamwinua akae, anywe kama mtu. Shemeji akaniona na kijiko changu, uso ukamgeuka. Akaondoa mfuko mmoja wa mchanga, akapitisha mkono chini ya mabega ya mama yake.

Nikaupiga ule mkono. Mke wa mdogo hampigi shemeji mkubwa, najua. Nikaupiga tena.

"Wewe mwanamke! Umekuwa daktari lini?"

"Na wewe umekuwa muuaji lini? Toa mkono!"

"Mnamfunga mama kama mwizi!"

"Ukimwinua unammaliza. Mwulize mwenyewe kama anataka. Mwulize, si una mdomo!"

Akina mama wakaanza kuimba, eti watutulize. Mama mkwe akasema, macho kwenye dari, "Hebu acheni wimbo kwanza. Mwanangu, rudisha mchanga wangu. Na wewe leta uji, unapoa."

Akaurudisha, midomo imemvimba.

Mfupa ulishika. Alirudi nyumbani na kola, kisha kola ikatolewa, akawa anatembea kwa fimbo. Na siku yake ya kwanza kanisani, nani alisimama kule nyuma kutoa shukrani? Shemeji. Alimshukuru Mungu kwa kumpa hekima ya kukataa kisu. Watu wakasema amina. Mimi nililishika benchi la mbele yangu nisije nikaruka.

Mama mkwe alikuwa ameketi mbele kabisa. Shingo yake haikugeuka tena maisha yote, kwa hiyo aliinuka, akageuka mwili mzima, polepole, mpaka akatazamana na mwanawe.

"Kaa chini," akamwambia.

Akakaa.