Nilimfuta Kandida Nikaweka Ng'ombe

Mwaka tuliokula unga wa njano wa kambini, ndio mwaka niliokosa. Migomba ilikuwa imeshikwa na mnyauko, ndizi zinaoza ndani zikiwa bado mgombani, ukiukata mgomba unatoa usaha kama jipu. Sisi Wahangaza, watu wa ndizi, tukawa tunawapelekea wakimbizi viazi na mihogo, nao wanatupa unga wao wa msaada. Ugali wake rangi ya kiini cha yai, kooni unapita kama mchanga. Waliokula wanajua nasema mwaka gani.

Nilikosa, jamani! Sina wa kumsingizia. Nayasema humu kwa sababu jina langu hamlijui. Kwa padri nilikwenda mara nyingi, nikaungama hasira na kusengenya, hili nikarudi nalo nyumbani.

Mwanangu ni dereva wa malori. Mwaka huo alipita Nyakanazi akanunua simu ndogo yenye jicho la kupigia picha, akaniletea. Kijijini kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Hata mwalimu! Yake ilikuwa ya kuongelea tu.

Niisemee kwa haki, maana kosa ni langu, si la simu. Ilikuwa ndogo, inalala kwenye fundo la kanga kama kipande cha sabuni. Chaji yake ilikaa mpaka unasahau lini uliipeleka kwa mwenye jenereta. Mlio wake ulisikika hadi kisimani. Hayo mazuri.

Mabaya nayo yalikuwapo. Vitufe vyake vilikuwa kama punje za mtama, na kidole changu hiki cha jembe kilibonyeza vitatu kwa mpigo. Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya jiko langu, basi, na siku nyingine unakuja wa Burundi, salio linaliwa na nchi isiyo yangu. Picha chache tu, imejaa. Na picha ikishaingia haiji kwenye karatasi, mpaka uipeleke simu Ngara mjini kwa mpiga picha mwenye kompyuta na waya.

Sasa, kambini nilikuwa na rafiki, mukecuru mwenzangu, kikongwe kama mimi, jina lake Kandida. Alikimbia Burundi akiwa na binti yake mmoja, Spesioza. Kihangaza changu na Kirundi chake vilielewana bila mkalimani. Siku ya rubisi tulikunywa mtungi mmoja kwa mirija, vichwa vinagusana, tunawasema wakwe zetu.

Siku moja nikamlenga na simu.

"Weka mrija chini nikupige picha."

"Nikiuweka chini utanimalizia pombe. Nipige hivi hivi."

Akatoka na mrija mdomoni, jicho moja limefumba kwa kicheko. Nilipomwonyesha akashtuka. "Kumbe nimezeeka hivi! Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Tulicheka mpaka rubisi ikamwagika.

Mvua za vuli hazijaisha, Kandida akafa. Tulimzika huko huko kambini. Haukupita muda, Spesioza akaja kwangu na mtoto wake mgongoni, kwa njia ya nyuma, ile ya kukwepa walinzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Waliotangulia kurudi nyumbani wamenitumia maneno ya kaka zangu. Wanasema mama nilimtupa porini siku ile tunakimbia. Mama, nikirudi na ile picha wataona alizeeka, alikula, alicheka. Niazime simu niende Ngara wamtoe humo, wamweke kwenye karatasi."

Nikamjibu: "Simu hii haitoki mkononi mwangu."

"Basi twende wote, mama."

"Miguu inaniuma. Tutakwenda nikipona."

Uongo! Miguu yangu ilikuwa mizima, ningecheza ngoma nayo. Niwaambie ukweli wenyewe. Spesioza alikuwa anakuja karibu kila juma kumtazama mama yake kwenye simu, na hakuwa mtu wa kuingia kwa watu akaondoka bila kushika jembe. Anapalilia kwanza mahindi yangu, ananawa mikono, ndipo anainama juu ya kiganja changu. Mimi nashika simu, yeye anatazama. Nilijua siku mama yake akikaa kwenye karatasi, shamba langu litaota majani.

Ndivyo nilivyokuwa. Nilimfuga Kandida kwenye simu ili bintiye anilimie.

Ndipo ikaja mahari ya mjukuu wangu. Mmoja wa ng'ombe alikuwa jike jeusi, pembe zake ukizitazama unatamani kusalimia. Wanawake wakanizunguka: "Mpige, bibi! Mpige!" Nikabonyeza, simu ikagoma. Jirani yangu anayejua kusoma vizuri kunishinda akaiangalia.

"Imejaa, bibi. Lazima ufute mmoja. Anatoka nani?"

Nikawapitisha mmoja mmoja. Mwanangu ameegemea lori. Wajukuu. Mimi mwenyewe na kitenge cha Pasaka. Kandida na mrija wake. Moyo ukaniambia, huyu ameshakufa, na binti yake ni mtu wa kambini, leo yupo kesho hayupo. Nikabonyeza. Siku hiyo kidole hakikukosea kitufe.

Akatoka Kandida, akaingia ng'ombe. Wakapiga vigelegele, nami nikapiga!

Juma lililofuata Spesioza akaja, akapalilia, akanawa mikono, akainama. Nikasema jua kali, kioo hakionekani. Alipokuja tena nikasema chaji. Alipokuja tena nikasema simu inaumwa. Naye, jamani, bado analima kwanza! Nilikuwa kama mbuzi aliyejizungushia kamba kwenye mti, kila ninapogeuka inazidi kunikaza. Nikisema ukweli, nimekwisha. Nikinyamaza, namwona pale shambani ameinama na mtoto mgongoni. Usingizi ukanikimbia, chakula kikanikimbia, nikawa naombea mvua inyeshe asije.

Siku ya mwisho alinikuta nimekaa juu ya kichuguu, mahali pangu pa fahari. Begani ana jembe langu nililomwachia akalimie.

"Mama, kesho tunapanda malori. Tunarudi Burundi. Nimekuja kumchukua mama."

"Simu haina chaji, mwanangu. Imezima kabisa."

"Nipe niikimbize kwa mwenye jenereta. Nitakimbia, mama, na mtoto nitakuachia hapa."

Angeniachia mtoto wake! Kwa ajili ya simu! Mdomo wangu ukasema, hata sijaufikiria: "Simu hii haitoki mkononi mwangu."

Ikalia.

Ikalia hapo hapo kwenye fundo la kanga, tumboni kwangu, kwa ule mlio niliousifia wa kufika kisimani. Nikaibana kwa mikono miwili kama mtu mwenye uchungu wa kuzaa. Ikaendelea. Kuku wakashtuka.

Spesioza aliniangalia fundo, akaniangalia uso. Nikangoja anitukane. Ningeshukuru angenitukana!

"Itikia, mama," alisema. "Ni mwanao."

Akashusha jembe, akaliegemeza kwenye kichuguu. "Jembe lako nimeliosha." Akanifungia vizuri mlango wa ua, akaenda zake.

Kesho yake niliyasikia malori yakipita kwenda mpakani. Sikutoka nje. Mpaka leo sijui aliwaambia nini kaka zake. Sijui kama walimpa hata mahali pa kulima, au walimwita muuaji wa mama yake, huku mimi peke yangu kijiji kizima ninayejua Kandida alikufa ameshikwa mkono na binti yake. Ng'ombe yule tulishamla zamani, kwenye harusi nyingine. Nyama yake ilikuwa ngumu.

Ninyi mnaosoma, simu zenu sasa ni kubwa kama sahani na picha hazijai. Sawa. Lakini kama umeshika sura ya mtu wa mwenzako, usiifanye kamba ya kumfungia. Mpe leo. Usiseme miguu inauma! Kamba ile ina ncha mbili, na nyingine iko shingoni kwako.

Simu yangu ilikufa kitambo, haiwaki, betri imevimba kama andazi. Naifunga bado kwenye kanga. Kutoka kwetu mpaka mpakani si mbali, na Spesioza miguu anayo. Siku akitokea kwenye njia ile ya nyuma nataka anikute nayo, nimwambie kwa mdomo wangu ng'ombe aliingiaje.

Juzi mjukuu wangu, yuleyule wa mahari, amekuja na simu mpya ndani ya boksi. "Bibi, pokea hii. Hiyo takataka nipe nikaitupe chooni."

Nikamwambia: "Simu hii haitoki mkononi mwangu."