Koti la Shemeji

Shemeji yangu alikuwa mtunza bustani katika nyumba ya Wazungu huko Muthangari. Homa ya mapafu ilipomuua, tulimzika hapa hapa Nairobi, kwa sababu hatukuwa na namna ya kumfikisha kwetu Ujaluoni. Dada yangu mkubwa, mkewe, akavaa koti na kofia ya marehemu, kama mjane wa kwetu anavyopaswa kufanya mpaka wazee wamtoe matangani. Kila alfajiri alizunguka ile bustani akimlilia mumewe kwa nyimbo, akimlaumu kwa kumwacha ugenini.

Mwenye nyumba alimwona, akaogopa, akapiga simu. Nilipofika kutoka Parklands, nilikokuwa yaya, niliambiwa dada amepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Bawabu wa hospitali alinifukuza. Kesho yake nikarudi, nikamwambia sibanduki getini mpaka nionane na daktari. Jioni nikaitwa ndani.

Daktari, Mzungu mpole wa sauti, alinieleza kwamba mgonjwa huvaa nguo za kiume, huongea na maiti, na alipovuliwa koti alipigana. Nikauliza alihojiwa kwa lugha gani. Kwa Kiswahili, akasema. Dada hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha kununulia mboga.

Nikaomba aulizwe upya kwa Kijaluo, mimi nitafsiri. Dada akajibu yote kwa utulivu: mumewe amekufa, amezikwa, na yeye anamlilia kwa sababu hakuna mwingine wa kumlilia.

Daktari akaniuliza, "Sasa kwenu, ningejuaje kwamba mjane ameharibikiwa akili?"

"Angelivua koti hilo mwenyewe, aende kucheka na watu sokoni," nikamjibu, "ningemleta kwako kwa mkono wangu."

Akauliza kuhusu usingizi na chakula. Hapo dada alikiri kwamba halali, na chakula hakipiti kooni. Nilitaka sana aachiliwe, lakini hilo nalo nililitafsiri kama lilivyo. Daktari akasema abaki kidogo apate nguvu, na akaagiza arudishiwe koti lake jioni ile ile.

Dada alipotoka tulipanda gari moshi hadi nyumbani. Wazee wakamvua koti kwa taratibu zake, na baadaye akaanza kuuza samaki.

Mimi nilirudi Parklands. Daktari yule akawa ananiita kila alipoletewa mwanamke wa kwetu. Memsahibu wangu alinung'unika nilipoomba ruhusa, lakini niliiomba kila mara, na nilikwenda.