Nani Alishusha Mzigo?

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali pale Msimbazi, makuli wameegesha mikokoteni kwenye kivuli cha ghala la mitumba, na mimi nimekaa juu ya robota kama hakimu, kitabu mapajani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na kazi niliyojipa mwenyewe ilikuwa kuwasimulia watu vitabu.

Kitabu hicho nilikinunua kwa wauza vitabu vya zamani wa kando ya barabara. Kilikuwa cha Kiingereza, jalada limechanika, habari za rubani wa ndege za kivita aliyepambana na maharamia wa angani, watu waliokuwa wakiteka ndege za mizigo juu ya bahari. Nilisoma ukurasa kimoyomoyo, kisha nikawapa kwa Kiswahili. Mwanangu, hujui utamu wa kuona wanaume waliobeba mizigo tangu alfajiri wakiacha chai ipoe kwa sababu yako. Mchana ule kiti cha juu ya robota kilikuwa changu, na sikuwa na kingine duniani.

Siku hiyo maharamia waliteka ndege iliyojaa shehena, wakailazimisha kutua kisiwani, wakatoweka na mali. Nilikuwa nageuza ukurasa Mzee Likwata, kuli mkongwe kuliko wote, mtu wa Newala, aliponikatisha.

"Ngoja, msomi. Nani alishusha mzigo?"

"Kitabu hakisemi, mzee."

"Ndege nzima? Ulishuka wenyewe?"

Watu wakacheka. Ndipo Idrisa, rafiki yangu tangu shule ya msingi, aliyekuwa amekaa chini akimenya chungwa, akasema bila hata kuinua macho, "Si walikuwa na kuli wao, jina lake Chande. Walimteka hapahapa Msimbazi, yeye na mkokoteni wake."

"Na mkokoteni?" mtu akauliza.

"Aligoma kuuacha. Wa kukodi ule."

Walicheka mpaka mwenye ghala akachungulia. Idrisa akaendelea. Rubani anawamiminia risasi kutoka nyuma, ndege ya maharamia inalalia ubavu, na Chande ndiye anayejua robota lipi lisogezwe wapi ili ndege isianguke, huku akimfokea mkuu wa maharamia apishe njia. Mmoja mmoja walimgeukia Idrisa, kama watu wanaofuata kivuli kinapohama. Hakuna aliyenitazama tena.

Sikufichi, mwanangu, kifua kiliniwaka kama nimemeza pilipili. Idrisa Kiingereza hakukijua. Kila alichojua kuhusu marubani alikipata kinywani mwangu. Nikasimama juu ya robota nikasema, "Hayo hayamo kitabuni. Anawadanganya."

Mzee Likwata alinitazama taratibu, kama anayekadiria uzito wangu.

"Tunajua hayamo, mwanangu. Sisi humo hatujawahi kuwamo. Huyu katuingiza leo, na wewe unataka kututoa. Kaa chini, usikilize."

Idrisa akaninyooshea kipande cha chungwa. "Njoo bwana. Hizo ndege mimi sizijui majina. Nitajie wewe."

Sikukaa. Nilikibana kitabu kwapani nikaondoka, na tangu hapo sikuacha kuondoka. Tunduma, Mwanza, Songea, nikibadili kazi na vyumba. Kila mahali nilimkuta Idrisa mwingine, mtu aliyesikilizwa kuliko mimi, na kila mara nilifunga begi. Kitabu kilinifuata kote.

Mwezi uliopita nilipita Msimbazi. Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye mkokoteni wake, anawasimulia wenzake habari za kuli aitwaye Chande, aliyegoma kuuacha mkokoteni wake angani. Nikamuuliza kaitoa wapi.

"Shikamoo, mzee. Aah, hii ya zamani. Ipo tu hapa mtaani."

Wivu uleule ukanipanda, mwanangu, na mvi hizi kichwani. Rubani wangu hakutajwa hata mara moja.

Nikamtafuta Idrisa. Siku hizi anauza kava za simu Mchafukoge. Hakuuliza nilikuwa wapi.

"Yule rubani," akasema, "alipona?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile nilimwacha na swali, na amekaa nalo miaka yote. Nikamwambia alipona, akarudi kwao, akaoa.

Idrisa akatikisa kichwa. "Basi mwisho wangu mzuri zaidi."

"Ukoje?"

"Kaa kwanza."

Nikakaa. Bado inaniuma kusema kwamba ulikuwa mzuri zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, wivu utakujia, na usitegemee kwamba utakua uuache. Siku mwenzako atakapopewa masikio uliyodhani ni yako, usisimame kutangaza makosa yake, wala usifunge begi. Kaa hapohapo na wivu wako. Pokea chungwa, umtajie majina ya ndege asiyoyajua. Mimi niliondoka na kitabu, nikamnyima Idrisa mwisho wa rubani, nikajinyima mimi mwisho wa Chande, na rafiki juu yake.

Mungu akujalie marafiki wanaokuzidi, na siku utakapotaka kuwakimbia akutie uzito miguuni. Amina.