Anayekoroma chumbani kwa Clarisse

Mama zangu, haya bado inanishika, lakini wacha niseme. Nilirudi kutoka kanisani nikijua nyumba yetu hapa mtaa wa Schaerbeek, huku Ulaya, ni tupu. Mjukuu wangu Clarisse, anayeniita nkambo, niliyemlea kwa mikono hii, alikuwa na mtihani mbele ya maprofesa, nami nilidhani ameenda kuufanyia shuleni kwao.

Navua viatu, nasikia muntu anakoroma chumbani kwake. Sauti nzito, polepole, kisha ikacheka chini chini, kama inajua nimefika. Ikakoroma tena, na safari hii walikuwa wawili.

Bon, mimi sikusoma, lakini pepo namjua. Hawa walitumwa kumfungia mutoto njia siku ya mtihani. Nikajaza sufuria maji, nikatia chumvi, nikasukuma mlango kwa bega na kumwaga yote, huku nalia kwa sauti, "Tokeni! Rudini kwa aliyewatuma!"

Clarisse alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, ameloa chapa. Ndani ya kioo maprofesa watatu walinikodolea macho. Alikuwa akiwasikilizisha sauti alizorekodi za vyura anaowasomea, wenye madoa, wale wanaofanana kama mapacha, hata anawatofautisha kwa sauti ndipo achore ramani ya wanapoishi.

Profesa mwenye ndevu akakohoa. "Mademoiselle, na sauti hii ya mwisho ni ya chura gani?"

Clarisse akajipangusa uso. "Huyo ni nkambo yangu," akasema. "Anapatikana Schaerbeek tu."