Kikombe Alichoonjewa Amuri

Mkasa huu nausimulia nikiwa nimeinamisha kichwa, maana hadi leo kuna mama mmoja pale mji wa Baraka, upande wa Kongo, akiniona napita hufunika sufuria yake na kuwaambia wanawe yule wa sumu amefika, nami hucheka naye, nitafanyaje.

Mimi ni mtoto wa Kigoma, nimelelewa na bibi ambaye pombe haikuvuka mlango wake hata kwa jina la dawa. Vita vya Kongo vilipopamba moto watu wa Baraka walivuka ziwa kuja kwetu, na kati yao alikuja Riziki, basi moyo wangu (una haraka, naujua) ukaishia hapo. Kulipotulia kidogo wao wakarudi kwao, nami nikawafuata na mabunda yangu ya chumvi na sabuni za kuuza, watu kwenye boti wakinishangaa kwamba wenzako wanakimbia huko, wewe ndiyo kwanza unakukimbilia. Kichwani nilikuwa nimeshajenga nyumba, hata rangi ya mapazia naijua. Baba yake Riziki, papa Wilondja, akaniambia nisubiri Jumapili baada ya misa, atanijibu habari ya kuoa mbele ya ndugu zake wote.

Jumapili ikafika, na mtungi wa kasiksi, ile pombe yao ya ndizi, ukatolewa nyuma ya nyumba. Mama Riziki akaniambia nisaidie kuubeba kisha nibaki pale pale karibu na jiko nikichota. Nikaona uchungu kweli. Mimi mwoaji, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, niwe wa kuchota, na kiti cha mbele amepewa Amuri, mchuuzi wa karanga kutoka Kilembwe, kijana mrefu, meno meupe, redio mpya mapajani! Nikaamua jambo dogo tu: nikauacha mtungi, nikaenda kuketi goti kwa goti na Amuri, nimwone vizuri, na yeye anione.

Riziki akaja na kikombe. Akapiga goti mbele ya Amuri, akanywa yeye kwanza, taratibu, kisha akampa kwa mikono miwili. Jamani. Mimi miezi yote ile hunipa kikombe kama anavyompa kaka yake, hajawahi kugusisha hata mdomo ukingoni, na leo huyu wa karanga anapewa mahali palipotoka midomo ya Riziki, mbele ya baba, mbele ya wajomba, na wote wametulia kama hawaoni! Masikio yakapata moto. Kabla Amuri hajanywa nikamnyang'anya kikombe, nikakimwaga chini, pombe nyingine ikarukia suruali yake.

 Halafu mzee mmoja akaweka kikombe chake chini polepole, mwingine naye akaweka, mjomba mmoja akaelekea kwenye migomba akajitia vidole kooni, na jirani akatoka mbio kutafuta maziwa (na maziwa Baraka ni mpaka yashuke kutoka Minembwe, sasa angeyapata wapi). Amuri peke yake ndiye alinitazama kwa upole.

"Ndugu, kama uko na kiu, ungeomba tu."

Huo upole wake uliniuma kuliko tusi.

Papa Wilondja akasimama, akaenda mwenyewe kwenye mtungi, akachota kikombe kikajaa, akakinywa chote watu wakimtazama, ndipo akanigeukia. "Mutoto, unajua ile kitu umefanya? Umeambia batu ati mu nyumba yangu kuko sumu."

Ndipo nikaelezwa, tena na watu watatu kwa mpigo. Kule mgeni hapewi kikombe bila mwenye nyumba kukionja kwanza, ili ajue kinywaji ni salama, na wakati ule wa vita, watu wasiojuana wamejaa kila njia, desturi hiyo ilishikwa kuliko sala. Kukimwaga kikombe kilichokwisha kuonjwa ni kumwita mwenye nyumba muuaji.

Nikamtafuta Riziki kwa macho. Alikuwa analia.

"Mi nilikuwa nakupa bila kuonja juu we uko wa kwetu," akasema. "Nani anaonjeaka mutu wa nyumba?"

Jibu la kuoa halikutolewa siku ile. Mama yake alitoa hukumu nyingine: "Riziki, kuanza leo na huyu muonjee. Iko mugeni."

Basi nikapata nilichokuwa nakionea wivu. Masika yote Riziki alipiga goti, akaonja, akanipa kwa mikono miwili, na kila mara nilitamani ardhi inifunike. Nilichota maji, nilibeba mitungi, hata suruali ya Amuri niliipiga pasi.

Kisha asubuhi moja milio ya bunduki ikasikika upande wa Lubondja, tukafunga mizigo haraka, na katika haraka ile Riziki akaninyooshea kikombe bila hata kunitazama. Hakukionja. Nikakishika pale bila kukinywa, papa Wilondja akaniona.

"Kunywa, mukwe," akasema, "njia iko mrefu."

Sikimwagi tena kikombe cha mtu maisha yangu yote. Amuri akija kutembelea huwa nabaki nyuma kwenye mtungi, nachota mimi mwenyewe. Ila shingo nainyoosha kidogo, nione mke wangu anaonja funda moja au mawili.