Siku Tisa Ndani ya Waya

Juzi nilipita Njoro, nikasimama kando ya jengo la mawe ambamo siku hizi huwekwa viazi. Hapo ndipo niliposomea, rafiki yangu, ile miaka ya hali ya hatari, wakati wa mkoloni, tulipokuwa tukikaa laini, vibanda vya wafanyakazi wa shamba la pareto. Waya wa miba ulituzunguka pande zote. Lango lilikuwa moja, na hukutoka bila ruhusa ya askari.

Mwalimu wa sayansi alimpa kila mmoja wetu mkebe uliojaa udongo na mbegu mbili za maharagwe, tukaipanga mikebe dirishani darasani. Tulitakiwa kuandika daftarini kwa Kiingereza yaliyotokea, siku baada ya siku. Kwa madaftari hayo mwalimu mkuu angechagua watoto watatu wa kwenda shule ya bweni, na mimi sikuiona njia nyingine ya kutoka ndani ya ule waya. Lakini Kiingereza cha kutaja wakati kilinitesa. Mwalimu alirudia kila siku kwamba "for" inataja urefu wa muda na "since" inataja ulipoanzia. Alirudia pia kwamba mtu wa sayansi haandiki asichokiona.

Asubuhi moja lango halikufunguliwa. Askari walimchukua baba na wanaume wengine kwenda kuhojiwa, kisha wakatufungia siku tisa. Tulikunywa uji mkavu, bila maziwa. Kengele ya shule ilisikika vizuri kutoka ng'ambo ya waya, na kila ilipolia mama aliinama akachochea moto uliokuwa unawaka sawasawa. Sikuthubutu kumuuliza habari za baba.

Tulipofunguliwa, maharagwe yangu yalikuwa yamechipua, yamerefuka, na yamekauka. Mama alikuwa ameniambia nijaze tu hizo siku, nani atajua. Msichana niliyekaa naye dawati moja alinisukumia daftari lake ninakili. Nilimrudishia. Mwishowe nikaandika sentensi moja: "No observation was made for nine days." Yaani kwa siku tisa hakuna kilichotazamwa.

Mwalimu aliisoma mara mbili.

"Siku tisa hukuona kitu?"

"Niliona lango, mwalimu."

"Basi usiifute," akasema. "Iko sawa."

Nilichaguliwa wa tatu. Siku ya kuondoka mama alinisindikiza hadi langoni. Askari akasoma barua yangu, akanipisha, mama akabaki ndani. Nilikuwa nimedhani nitafurahi. Nililia hadi stesheni.

Baba alirudi kutoka kizuizini baada ya miaka, na kikohozi, na maneno machache. Shamba liligawanywa, laini zikabomolewa, na mwalimu yule sijui hata alikozikwa. Mama alipata kipande chake cha ardhi akajenga nyumba ya mabati. Mpaka anafariki, mlango wake ulikuwa wazi kutwa nzima, hata mvua ikinyesha na kuingia ndani.