Nyasi Ndani ya Tangi la Mashua

Avit Mutalemwa alikuwa nahodha kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukosea. Waliokosea ni abiria, mawimbi, na kisiwa kimoja kilichokaa mahali pabaya. Kwa hiyo injini ya mashua ilipozimika mara ya tatu kati ya bandari ya Kemondo na kisiwa cha Bumbire, tanga nalo likilegea bila upepo, alikwisha kumjua mkosaji: Kagaruki, muuza dizeli. Alimtukana sokoni, mbele ya watu.

Mwenye mashua, Mama Clotilda, mjane asiyecheka ovyo, alisikiliza, kisha akasema ikizimika mara ya nne usukani atapewa mpwa wake Dastan. Dastan alikuwa na cheti na miwani ya jua. Avit hakuwa na kingine ila usukani ule. Shamba lake la migomba kule Rubafu alikuwa amelisusa, nalo likamsusa.

Padri aliinyunyizia mashua maji ya baraka mara mbili. Baraka ziliishia kwenye mbao. Tangi la chuma chini ya sakafu halikuwa na mlango wowote wa kuingiza hata mkono, achilia mbali neema. Ndipo akaitwa fundi Protase kutoka Kashai.

"Aliyetengeneza tangi hili," alisema Protase, "hakuwaza kwamba siku moja litaoga."

Waliinyonya dizeli yote na kuiweka kwenye madumu. Protase akachora duara juu ya tangi, akatoa keekee ya kuzungusha kwa mkono.

"Mbona hutumii moto tumalize haraka?" Avit aliuliza.

"Mwaka juzi nilitumia moto. Waitu, ndugu yangu, hebu hesabu nyusi zangu."

Avit akatazama. Ulikuwepo mmoja.

Protase alitoboa vitundu vilivyozunguka duara, akiipaka keekee grisi ili chenga za chuma zinase humo zisidondoke ndani, kisha akaviunganisha kwa msumeno. Kipande kikang'oka. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoka na donge jeusi linaloteleza, limejaa nyasi.

"Mnafuga ng'ombe humu?"

Mama Clotilda aliinama, akachomoa unyasi mmoja, akaufuta kwa kidole. Hakuna Mhaya asiyeujua. Ni wa kukamulia ndizi na kuchujia rubisi, pombe yake.

Avit alihisi masikio yanamwaka. Tangu mwaka jana alikuwa akijaza nyasi laini kwenye faneli kila anapomimina dizeli, kama baba yake alivyochuja rubisi. Vitambaa aliviona ni vya wavivu. Kumbe nyasi zilikatika kidogo kidogo, zikashuka na mafuta hadi kwenye bomba la injini.

"Nyasi hizi nampelekea Kagaruki leo hii," alisema Mama Clotilda. "Anieleze."

Na Kagaruki ndiye aliyeishika faneli ile kila wiki, akizicheka nyasi zake; akiziona tu, atamtaja.

"Mama, usiende," Avit alisema. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilichuja."

"Kwa nyasi?"

"Zilikuwa safi! Nilizichambua mwenyewe."

Mama Clotilda alicheka hadi akakaa juu ya dumu. Protase aligeuka upande, mabega yakimtikisika. Avit alisimama akisubiri kusikia jina la Dastan.

"Ungemsingizia tena yule mtu, ningekushusha sasa hivi," alisema Mama Clotilda alipopata pumzi. "Usukani baki nao. Dizeli usiiguse. Na kesho utamwomba radhi palepale sokoni, kwa sauti ileile."

"Palepale?"

"Saa nne, watu wakishajaa."

Protase alimkabidhi keekee. "Tangi lina ukuta katikati, mzee. Upande wa pili nao una zizi lake. Toboa."

Avit akapiga magoti, akaanza kuzungusha.